Chatne ya Kotmiri

Leo tunatengeneza chatne ya kotmiri, ile ya kijani inayoliwa na bajia, mishikaki na urojo.

Chukua fungu moja kubwa la kotmiri. Chambua majani ya njano uyatupe, loweka mengine katika bakuli la maji ili mchanga ushuke chini, kisha suuza kwa maji safi yanayotiririka. Chatne hii haipikwi, hivyo uchafu ukibaki, utaliwa. Vikonyo laini usivitupe. Vina harufu nzuri.

Saga pamoja na pilipili mbichi 2, punje 2 za kitunguu saumu, chumvi na maji ya ndimu 1. Ukitumia blenda, tia maji ya baridi kidogo tu, wala usisage muda mrefu, maana joto hufifisha rangi. Ukitaka iwe nzito, ongeza nazi iliyokunwa, ila ya nazi huchacha mapema. Imalize siku hiyo hiyo.

Isiyo na nazi iweke kwenye chupa safi yenye kifuniko, ndani ya friji, na uimalize ndani ya siku 3. Chota kwa kijiko kikavu. Ikitoa povu au harufu ya kuchacha, usiionje, imwage.