Dawa ya Maji Inavyoua Viini

Leo tuzungumze juu ya dawa ya maji, maana wengine husema, "Tunatia dawa, lakini watoto bado wanaharisha."

Tusisahau tulikotoka. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, kipindupindu kililaza watu 14,275 katika hospitali za Nyanza, na 547 walikufa.

Dawa yenyewe ni klorini. Ikimfikia bakteria huharibu ganda lake na protini zilizo ndani, naye hufa. Lakini klorini haichagui. Hushika tope na majani vilevile. Maji ya mto yakiwa na matope, dawa huishia kwenye uchafu, viini vikabaki hai. Kwa hiyo tuchuje kwanza kwa kitambaa safi, tutie kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, tukoroge, kisha tungoje nusu saa. Ile harufu kidogo isitutishe. Ni ishara kwamba dawa ingalipo, inalinda maji.

Halafu tuangalie dapi. Mkono ukitumbukizwa ndani hurudisha viini. Ndiyo maana katika mradi wa CARE hapa Nyanza, karibu mwaka wa 2000, wafinyanzi walitengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba.

Basi wiki hii kila kikundi kikutane kwa nyumba moja, tuonyeshane: kuchuja, kutia dawa, kungoja, kufunika.