Neno Tunalolicheka Nyumbani



Kila siku twazungumza na wenzetu, lakini nafasi ya kujibu si moja kila mahali. Nyumbani, neno baya laweza kukanywa papo hapo. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, aliyeumizwa hupata wa kumsikiliza. Barazani, mwenyekiti hugawa zamu ya kusema. Redioni, mmoja husema na maelfu husikiliza, wasiweze kumjibu.

Tukumbuke yaliyotokea Rwanda mwaka 1994. Redio RTLM iliwaita Watutsi "mende" na kuchochea mauaji ya kimbari. Neno hilo halikuzaliwa redioni. Lilikuwa vinywani mwa watu tangu miaka ya 1960, na redio ikalikuta limekwisha kuzoeleka. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo kwa uchochezi; mwaka 2007 rufaa ikathibitisha hatia hiyo. Lakini hukumu haikuwafufua waliokufa.

Basi tujiulize: tukiwa mezani pamoja na watoto wetu, tunawaitaje majirani wa kabila lingine? Jina la dharau tukilicheka, twawafundisha watoto kwamba jirani si mtu kamili.

Tusingoje neno hilo lifike jukwaani au redioni. Tulikatae hapo nyumbani, kwa upole na bila woga, maadamu bado tuna nafasi ya kujibu. Haki ya jirani yetu huanza kulindwa vinywani mwetu.