Amfithieta: Mahali pa Kutazama na Kutazamwa



Neno ninalolizungumzia jioni hii ni la Kigiriki, lakini jengo lenyewe ni la Warumi. Theatron kwa Wagiriki ni mahali pa kutazamia. Amphi ni pande zote mbili, au kuzunguka. Ukiyaunganisha unapata mahali pa kutazamia kutoka kila upande, na hapo ndipo penye tofauti ambayo siku hizi tunaipuuza. Kila palipo na ngazi za mawe kwenye mteremko tunapaita amfithieta. Epidaurus, kule Ugiriki, si amfithieta. Ni thieta: viti vimezunguka kidogo kupita nusu duara, na watu wote wanaelekea walipo waigizaji. Waliolifunga duara ni Warumi.

Mwandishi wa Kirumi Plinius Mkubwa anasimulia kisa cha mwanasiasa Gaius Scribonius Curio, aliyeandaa michezo ya kumkumbuka marehemu baba yake mnamo mwaka 52 KK. Alijenga thieta mbili za mbao zilizopeana migongo, kila moja juu ya egemeo la kuzunguka. Asubuhi ziliigizwa tamthilia mbili kwa wakati mmoja, kelele za huku zisiwasumbue wa kule. Baadaye thieta zikazungushwa, ncha zikakutana, na wapiganaji wakaingia katikati. Plinius anashangazwa zaidi na wananchi waliothubutu kubaki vitini jengo likizunguka.

Kisa hicho kinaeleza jina vizuri kuliko kinavyoeleza asili ya jengo. Amfithieta ya mawe ya mji wa Pompeii ilikuwa imekwisha kujengwa karibu mwaka 70 KK, na maandishi ya waliogharimia ujenzi wake hayalitaji neno letu. Wao waliiita spectacula, yaani matazamio. Jengo lilitangulia, jina likafuata.

Sasa fikirini duara lilipofungwa kilitokea nini. Mtazamaji aliinua macho na kuona, ng'ambo ya uwanja, maelfu ya watazamaji wenzake. Kaisari Augusto alilielewa jambo hili barabara. Alipanga nani akae wapi: maseneta mbele, askari mbali na raia, wanawake juu kabisa nyuma. Cheo cha mtu kilikuwa wazi kwa mji mzima. Ndiyo maana sikubali kwamba amfithieta ilikuwa jumba la burudani tu. Ilikuwa daftari la jamii, lililofunguliwa hadharani.

Na wanaotazamana huweza pia kugombana. Mwaka 59 BK, kwa mujibu wa mwanahistoria Tacitus, watu wa Pompeii na wageni wao kutoka mji jirani wa Nuceria walianza kwa kutukanana, wakarushiana mawe, mwisho wakashika silaha. Wengi walikufa, na Seneti ikaipiga Pompeii marufuku mikusanyiko ya namna hiyo kwa miaka 10. Mchoro wa ghasia hizo ulikutwa ukutani mwa nyumba moja ya mji huo, na leo uko katika jumba la makumbusho la Napoli. Watu wadogo wadogo wanapigana uwanjani, vitini na hata nje ya kuta.

Vyuo vikuu navyo vilikuja kuliazima umbo hilo. Mwaka 1595 Padua ilijenga ukumbi wa kufundishia anatomia wenye umbo la yai, ngazi 6 zikiwa zimezunguka meza ya maiti. Wanafunzi walisimama wakiegemea vizuizi vya mbao, wakiona meza na kuonana wao kwa wao. Wafaransa wakalipa jina la amphithéâtre darasa kubwa la mihadhara, na ndiyo maana mwanafunzi wao husema anakwenda amphi. Lakini duara limekatwa tena. Jina limebaki, viti vyote vinamwelekea mhadhiri, na mwanafunzi haoni uso wa mwenziwe, anaona kisogo.

Naona tumepoteza kitu kikubwa hapo, kwa sababu swali la mwanafunzi huwa na uzito zaidi darasa linapomwona anayeuliza. Kwa hiyo nawaomba wasanifu majengo mlio humu: mtakapopewa kazi ya kuchora ukumbi mwingine wa chuo, lifungeni duara. Mhadhiri awekeni katikati, nasi wahadhiri tutajifunza kuzungumza tukigeuka.