Ushuru wa Nguo za Uzi Mchanganyiko
(Mazungumzo kwa wenye maduka na mafundi cherehani wa Sigor)



Fundi wa Sigor akishona sare za wanafunzi, aghalabu kitambaa chake kimetoka ng'ambo, nacho kimepita forodhani Kilindini. Ushuru uliotozwa huko pwani humfuata hata huku Chepalungu, ndani ya bei ya kila mita. Kwa hiyo yafaa tujue unavyokadiriwa, maana asiyeijua kanuni hana la kusema akitozwa isivyo haki.

Kila bidhaa ina nambari yake katika orodha moja inayotumiwa na mataifa mengi tangu tarehe 1 Januari 1988. Kiwango cha ushuru hufuata nambari hiyo. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza tarehe 1 Januari 2005, viwango vilikuwa vitatu: bure, asilimia 10 na asilimia 25. Tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35. Tena, katika orodha ya mwaka 2005, khanga, kikoi na kitenge viliwekewa asilimia 50 ili kulinda viwanda vyetu. Basi kukosea nambari si jambo dogo.

Je, kitambaa cha pamba na poliesta tukiite nini? Kwanza, hutazamwa uzito wa nyuzi, wala si rangi, wala si jina lililopigwa chapa juu ya jora. Uzi unaozidi kila mwingine kwa uzito ndio ushikao jina. Mathalani, katika gramu 100 mkiwa na poliesta fupi 65 na pamba 35, kitambaa huingia fungu la 55. Pamba ikiwa 60, huingia fungu la 52. Zikilingana nusu kwa nusu, huchukuliwa fungu lililo mwisho kwa hesabu, yaani la 55.

Pili, huulizwa kama uzi huo mkuu umefikia asilimia 85, kwani chini ya hapo kitambaa huhesabiwa kuwa mchanganyiko.

Tatu, hupimwa uzito wa mita moja ya mraba. Kwa vitambaa vya pamba mpaka ni gramu 200. Kwa poliesta fupi iliyochanganywa na pamba, gramu 170.

Mkono hauwezi kuamua mambo haya. Ukichoma uzi, pamba huacha majivu na kunuka kama karatasi, na poliesta huyeyuka ikawa kitone kigumu. Lakini moto hauonyeshi kiasi cha kila uzi. Hilo ni kazi ya maabara. Kwa hiyo, mwagizaji, mtake muuzaji aandike katika ankara asilimia ya kila uzi na uzito wa kitambaa. Kutangaza uongo forodhani ni kosa la jinai.

Na ukiona umeonewa, usinung'unike dukani. Sheria ya Forodha ya mwaka 2004 yakupa siku 30 za kumwandikia Kamishna na kueleza sababu zako. Naye ana siku 30 za kujibu. Asipojibu, ombi lako huhesabiwa kuwa limekubaliwa.

Basi wekeni ankara zenu vizuri, na kipande cha kila jora pamoja nazo. Siku ya shauri, hivyo ndivyo vitakavyowasemea.