Ulizeni Mvua ya Juu Kabla ya Kushuka Korongoni

(Hotuba hii ilitolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya viongozi wa vijana wa sharika iliyofanyika Tukuyu. Imefupishwa kidogo na mhariri.)



Kwenye ratiba mmeandikiwa kwamba nitazungumza juu ya utalii wa ndani na fursa zake katika bonde la mto Kiwira. Fursa zipo na nitazigusa. Lakini nikiwaangalia nyuso zenu naona kwamba wengi mmekuja na jambo moja tu: lini tutawapeleka vijana Daraja la Mungu, na Coaster itagharimu kiasi gani. Kwa hiyo nitaanza na huko mnakotaka kwenda.

Sisi tuliozaliwa Rungwe tuna tabia ya kupita karibu na vitu vyetu bila kuvitazama. Mimi Daraja la Mungu niliona picha yake kwenye kalenda ya ofisini nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, wakati toka utotoni nilikuwa napita na daladala barabara ya Mbeya kila likizo. Mgeni wa kutoka mbali alikuwa amekwishafika, mimi bado.

Daraja lile ni upinde wa mwamba uliovuka mto kutoka ukingo hadi ukingo. Halikujengwa na mtu. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba lava, yaani ule uji wa moto wa volkano, ulishuka bondeni, ukakutana na maji, ukapoa na kuganda, na mto ukaendelea kujitafutia njia chini yake. Ukisimama pembeni unaona maji yanapita chini ya jiwe na miti imeota juu ya jiwe hilo hilo.

Kilomita chache kutoka hapo kuna Kijungu. Jina lake linajieleza, ni chungu kidogo. Mto Kiwira ambao mmeuona mpana na wenye kelele, pale unabanwa na mwamba, unatumbukia kwenye shimo la mviringo kama chungu cha kupikia, unazunguka ndani, kisha unapita chini ya mwamba na kutokea mbele. Shimo hilo limechongwa na mawe. Maji yanazungusha mawe na mchanga mahali pamoja kwa miaka mingi sana, na mawe yanasaga mwamba kama mama anavyosaga ulezi. Kijungu kiko katika eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, hivyo mtaripoti getini, mtaomba ruhusa na mtapewa mtu wa kuwasindikiza. Msione ni usumbufu. Ukingo wa Kijungu unaonekana mwembamba kiasi kwamba kijana mwenye miguu mirefu anaanza kupima kwa macho kama anaweza kuruka. Yule msindikizaji anawajua vijana wa namna hiyo kabla hawajafungua mdomo.

Yako pia maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, ambako unaweza kuingia kwenye pango nyuma ya maji. Na kwa wenye miguu ya kupanda iko njia ya msituni kwenda ziwa Ngozi, lililomo ndani ya kasoko ya volkano. Na katika msitu wa mlima Rungwe wenyewe ndimo watafiti walipomtambua kipunji mwaka 2003, nyani ambaye wenyeji walikuwa na jina lake tayari, ila vitabu vya sayansi havikuwa naye hadi mwaka 2005. Napenda kuwaambia vijana habari hiyo. Inawaonyesha kwamba babu zao hawakuwa wajinga.

Sasa niingie kwenye lililonileta.

Mahali pote hapo nilipotaja pametengenezwa na maji yenye nguvu, na maji hayo bado yako kazini. Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifikishi 700. Mvua yetu inaanguka kwenye miteremko ya Rungwe na milima ya Poroto, inashuka kwa vijito vingi, na vyote vinaingia kwenye mabonde membamba yenye kuta za mwamba. Maji yakiingia shambani yanatandaa. Yakiingia korongoni hayana pa kutandaa, yanapanda juu. Ndiyo maana mtu anaweza kufa maji mahali ambapo hakukunyesha hata tone.

Majirani zetu wa Kenya wanalijua hili kwa uchungu. Karibu na Naivasha kuna hifadhi ya Hell's Gate, mahali pazuri ambapo watu wanaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, na ndani yake kuna korongo la Ol Njorowa. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi waliingia humo kwa matembezi kama haya mnayoyapanga. Maji yalikuja ghafula, vijana 7 wakafariki. Mwezi wa Septemba mwaka 2019, korongo hilo hilo, watu 7 wengine, na safari hii mmoja wao alikuwa mwongozaji, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulijua korongo. Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, mwaka 1997 watalii 11 walikufa kwenye korongo jembamba liitwalo Antelope Canyon. Mvua iliyowaua ilinyesha kilomita nyingi kutoka pale waliposimama.

Mnaweza kusema hao ni wa mbali. Basi niwaeleze la kwangu.

Mwaka 2009, mwezi wa Machi, niliongoza vijana 23 kwenye kijito kimojawapo kinachoingia Kiwira. Nilikuwa na digrii yangu, nilikuwa na orodha ya majina, nilikuwa na boksi la huduma ya kwanza. Anga lilikuwa safi juu yetu, jua la saa sita. Tulivuka maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu, tukakaa upande wa pili chini ya genge, tukala chapati. Bibi mmoja alikuwa anakata majani ya ndizi juu ya ukingo. Akatuita, "Mwanangu, mbona mto umebadilika rangi? Watoe watoto." Nikatazama. Kweli, maji yalikuwa kama chai ya maziwa, na vijiti na majani makavu vilikuwa vinapita. Nikamjibu kwa heshima, "Ndiyo mama, tunatoka sasa hivi." Halafu nikawaambia vijana tupige picha moja ya pamoja, ndipo tuondoke.

Hiyo picha ninayo mpaka leo. Nyuma yetu yanaonekana maji yaliyokwishafika kwenye jiwe tulilokuwa tumeweka sufuria.

Tulipoanza kuvuka yalikuwa magotini. Wa kwanza kumi walipita wameshikana mikono. Wa kumi na moja alikuwa kijana wa miaka 15 aliyevaa ndala. Ndala moja ilichukuliwa na maji, naye akainama kuifuata. Maji yakambeba umbali ambao mimi niliukimbia kandokando ya mto nikipiga kelele jina lake, mpaka akanasa kwenye mizizi ya mti ulioanguka. Alivunjika mfupa wa bega. Wenzake 12 walibaki upande wa pili chini ya genge, na bibi yule yule ndiye aliyewaonyesha upenyo wa kupandia, wakashika mizizi mmoja baada ya mwingine. Tulifika nyumbani saa tatu usiku. Nilikwenda mwenyewe kwa wazazi wake. Baba yake hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, yule mama alipowaambia mtoke, mlitoka?"

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu, na ndio ninaotaka muuchukue. Asubuhi ya safari, kabla gari halijaondoka, nampigia simu mtu anayeishi juu ya mto. Kila mmoja wenu ana shangazi, mjomba au muumini mwenzake kwenye vijiji vya juu. Unamwuliza mambo mawili: huko usiku imenyesha? Na sasa hivi mlima unauonaje? Akisema mlima umejifunika, safari ya korongoni inageuka kuwa safari ya mahali pengine. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nausikiliza pia, lakini utabiri unasema habari za mkoa, shangazi anasema habari za kijito.

Jambo la pili, mchague kabla ya kuondoka mtu mmoja mwenye neno la mwisho la kusema "turudi". Asiwe mpiga picha. Asiwe yule aliyekusanya michango, kwa sababu huyo anaona aibu watu wasipofika walikolipia. Awe ikiwezekana mwenyeji wa kijiji husika, alipwe posho yake kamili, na hapo ndipo fursa zilizoandikwa kwenye ratiba zinapoanzia. Yule bibi hatukumlipa chochote, tukampa chapati zilizobaki.

Dalili mnazipaswa kuzijua kwa moyo: maji kubadilika rangi, vijiti na majani kuongezeka, ngurumo inayotoka upande wa juu kama lori linapanda mlima, na hata maji kupungua ghafula, maana huenda mti umeziba juu na utaachia. Mkiona mojawapo, pandeni mlipo, upande wowote ulio karibu. Msivuke ili kufuata gari. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Na viatu viwe vya kufunga kamba. Ndala mziache kwenye gari.

Kijana mmoja hapa mbele aliniuliza wakati wa chai kama siwatii watu hofu wakaacha kabisa kwenda. Hapana. Mimi nakwenda kila mwaka. Safari ya mwaka huu tumeiweka mwezi wa Agosti, wakati mvua imepungua, ingawa hapa kwetu haikomi. Tutaondoka saa 12 asubuhi ili saa sita mchana tuwe tumekwishatoka bondeni. Tutaanza na Daraja la Mungu, kisha Kijungu. Yule kijana wa ndala sasa ni baba wa familia, anaishi juu kule miteremkoni kwa wakwe zake, na namba nitakayoipiga asubuhi hiyo ni yake.

Nauli tutaijadili baada ya chakula.