Kusawazisha Hazina ya Programu: Mazungumzo kwa Maafisa wa TEHAMA



Ofisi yenye kompyuta 20 haina haja ya kupakua programu ileile kutoka kwenye intaneti mara 20. Seva moja huvuta vifurushi kutoka nje, na kompyuta nyingine huvichukua hapo kupitia mtandao wa ndani. Gharama ya data hupungua. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba kilicho kwenye seva ni kilekile kilichotolewa na watengenezaji.

Hapo ndipo Git inaposaidia. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Kila badiliko huwekwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe, na alama inayotokana na yaliyomo. Herufi moja ikiguswa, alama hubadilika. Mradi wa Gentoo, unaosambaza mfumo wa Linux, ulihamishia kwenye Git hazina yake ya maelekezo ya kujenga vifurushi mwaka 2015. Seva ikishainakili mara ya kwanza, amri ya git pull huleta mabadiliko mapya tu.

Lakini kusawazisha huleta kizuri na kibaya kwa kasi ileile. Tarehe 28 Juni 2018, wavamizi waliteka akaunti ya Gentoo kwenye GitHub, ambako nakala ya hazina hiyo iliwekwa. Walikuwa wamepata nenosiri la msimamizi mmoja, na uthibitisho wa hatua mbili haukuwa wa lazima. Waliingiza amri za kufuta faili za watumiaji. Papara yao ndiyo iliyowafichua: walipowaondoa wasanidi kwenye akaunti, kila mmoja alipata barua pepe. Mvamizi mtulivu angekaa zaidi. Seva kuu za Gentoo hazikuguswa.

Mabadiliko halali ya Gentoo hutiwa sahihi ya kidijitali, na programu ya Portage inaweza kupangiwa iikague kabla ya kupokea chochote. Ukaguzi huo uwashwe. Ukikataa, kazi isimame na afisa aulize. Asiuzime eti foleni ni ndefu. Vifurushi vipya vijaribiwe kwanza kwenye kompyuta moja, isiyo ya malipo wala ya kumbukumbu za wagonjwa.

Kasoro ikionekana, Git huirudisha hazina ilivyokuwa jana. Faili za karani zilizofutwa hairudishi. Hizo zinahitaji nakala ya akiba, ambayo ni mada ya kikao cha alasiri.