Mkojo wa Mtoto Usimwagwe: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Mahafali ya Wataalamu wa Maabara



Wahitimu, nitazungumzia mkojo, maana mtaupima kila siku na wengi huidharau kazi hiyo.

Mwaka 1934, huko Oslo, Norway, mama aitwaye Borgny Egeland alimwendea Dk. Asbjørn Følling kuhusu wanawe wawili waliodumaa akili. Alikwisha kuhangaika kwa madaktari wengi akiuliza mbona mkojo wa watoto wake unanuka ajabu, asijibiwe. Følling alimsikiliza. Akadondoshea mkojo ule kloridi ya chuma, ukageuka kijani, rangi ambayo hakuitarajia. Angeweza kuandika majibu na kuendelea na mengine. Badala yake alimwomba mama alete mkojo zaidi, lita kwa lita, hadi akaitambua asidi ya fenilpiruviki. Kumbe miili ya watoto wale haikuweza kuvunja fenilalanini, iliyomo kwenye nyama, maziwa na hata maharage. Leo mtoto wa namna hiyo akigunduliwa mapema, kwa tone la damu ya kisigino, hupewa chakula maalumu na akili yake hukua vizuri. Wale wawili walikuwa wamechelewa, na jambo hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Sasa fikirieni kichanga anayenyonya, anatapika, macho ya manjano. Kijiti cha mkojo kinasema hakuna sukari. Ni kweli, hakuna glukosi, kwani kijiti hutambua hiyo peke yake. Chemsheni mkojo huohuo na kitendanishi cha Benedict. Ile buluu ikigeuka rangi ya matofali, huenda ni galaktosi itokayo kwenye maziwa. Hapo ugonjwa haujathibitishwa, lakini mpigieni daktari simu palepale. Na sampuli ichukuliwe kabla maziwa hayajasimamishwa. Mtoto akishawekewa dripu, galaktosi yaweza kutoweka mkojoni.

Kwa magonjwa ya asidi ogani, mkojo wa siku mtoto alipozidiwa ndio wenye habari. Ugandisheni upesi, usafirishwe ukiwa barafu.

Tena, wazazi mlio hapa: mengi ya magonjwa haya hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja, wote wakiwa wazima. Asitokee mtu wa kumnyooshea mama kidole.

Wahitimu, mama akiwaambia mkojo wa mwanawe unanuka tofauti, liandikeni neno lake kwenye fomu. Karibuni mpokee vyeti.